Pete Ikitoka Tumboni, Asihukumiwe Mgonjwa

Kanda ya Ziwa ina hukumu ya haraka kwa mtu aliyetibiwa unene, akapungua, kisha mwili ukarudi: hakufunga mdomo. Hutolewa kwenye daladala za Igoma, Mwanza, na kwenye vikao vya harusi, na mara nyingine hutolewa na ndugu walewale waliochanga nauli ya matibabu. Mama aliyewekewa pete ya tumbo Nairobi au India, pete ikasogea na ikabidi itolewe, anaambiwa alipewa nafasi akaichezea. Akianza kuulizia upasuaji mwingine, ule wa baipasi, anaonekana anatafuta njia ya mkato kwa mara ya pili.

Hukumu hiyo ni ya uongo, na inaumiza watu.

Pete ni mkanda wa silikoni unaofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo ili chakula kidogo kishibishe. Mrija mwembamba huiunganisha na kifuko kilichofichwa chini ya ngozi. Daktari huchoma sindano pale, akaongeza maji au akayapunguza, na pete ikabana au ikalegea. Aliyekuwa wa kwanza kumfunga mgonjwa pete ya aina hiyo kupitia matundu madogo, bila kupasua tumbo zima, ni Mitiku Belachew, daktari mzaliwa wa Ethiopia, katika mji wa Huy, Ubelgiji, mwaka 1993. Marekani iliidhinisha pete mwaka 2001, na kufikia 2011 zaidi ya theluthi moja ya upasuaji wa uzito nchini humo ulikuwa wa pete. Mwaka 2018 ilibaki takriban asilimia moja tu.

Hamu ya kula ya Wamarekani haikubadilika katika miaka saba hiyo. Madaktari waliiacha pete kwa sababu waliona inachowafanyia wagonjwa. Mwaka 2011 Jacques Himpens na wenzake wa Brussels walichapisha matokeo ya watu waliofungwa pete kati ya 1994 na 1997. Baada ya miaka 12 na zaidi, karibu nusu yao pete ilikuwa imeshatolewa, na kwa karibu mmoja kati ya watatu mkanda ulikuwa umekula ukuta wa tumbo na kupenya ndani. Kuna pete zinazoteleza, mirija inayovuja, na koo la chakula linalotanuka kwa kusukumana na kizuizi miaka nenda miaka rudi. Kifaa kinachoharibika kwa kiwango hicho kingekuwa cha moyo, hakuna ambaye angemuuliza mgonjwa kama alikitunza kwa adabu.

Watetezi wa hukumu hii watasema: sawa, pete iliharibika, lakini kilo zilirudi kwa kula. Wanapaswa kujua mwili unafanya nini mtu anapopungua. Watafiti wa Melbourne walionyesha mwaka 2011 kwamba mwaka mzima baada ya watu kupungua, homoni inayoamsha njaa bado ilikuwa juu kuliko awali, na zile za shibe zilikuwa chini. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake waliwapima tena watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito Marekani. Miaka sita ilikuwa imepita, na miili yao bado ilichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hiyo inakaribia sahani nzuri ya ugali, na watu hao wangelazimika kuiacha kila siku ili wabaki pale pale walipo.

Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili, aliwafanya Watanzania wengi wazungumzie sukari, wanga na kufunga. Ilikuwa kazi njema ya kinga. Lakini ushauri wa kumzuia mtu asinenepe hautoshi kumtibu ambaye mwili wake umeshaanza kuupigania uzito wake. Katika hospitali ya Mloganzila, wanaowekewa puto tumboni hutolewa baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa puto halikutengenezwa likae milele. Kilo zikirudi baadaye, hukumu ni ile ile.

Kando ya ziwa hili kuna ukatili wa ziada. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, na jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo kwa kukonda kwake. Tangu hapo kukonda ghafla kunazua minong'ono. Kwa hiyo mwanamke yule yule husemwa akipungua, na akinenepa tena husemwa upya.

Kinachokera zaidi ni kwamba wakati watu wanabishana juu ya tabia yake, maswali yenye uzito hayaulizwi. Baipasi ni upasuaji mkubwa. Daktari hutenga kijifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Homoni za njaa na shibe nazo hubadilika, jambo ambalo pete haikuliweza. Katika utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987, miaka kumi baada ya upasuaji waliofungwa mkanda walikuwa wamepungua asilimia 14 ya uzito wao, na wa baipasi asilimia 25. Hiyo ndiyo sababu ya kuitafakari.

Sababu za kusita nazo zipo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulikuta vifo viwili kwa kila watu 1,000 ndani ya siku 30 za baipasi ya matundu madogo, na hao hawakuwa na kovu la upasuaji wa uzito wa awali. Anayetoka kwenye pete huja na kovu, na hatari huongezeka. Pete ikiwa imepenya tumboni, kwa kawaida hutolewa kwanza, kidonda kikapewa miezi kupona, ndipo baipasi ifuate. Anayeahidiwa yote mawili kwa siku moja ana haki ya kuuliza kwa nini.

Halafu kuna damu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito, na asilimia 45 wana upungufu wa damu. Mwanza ina malaria, ina kichocho, ina selimundu. Sehemu ya utumbo inayorukwa na baipasi ndiyo inayofyonza madini ya chuma kwa wingi, na vitamini B12 nayo hufyonzwa kwa shida. Vidonge vya chuma, B12, kalsiamu na vitamini D humezwa maisha yote, na damu hupimwa kila mwaka. Dagaa wa soko la Mwaloni, wanaoliwa na mifupa yao, wanasaidia kwa kalsiamu na protini, lakini hawatoshi. Uji wa sukari nyingi na soda vinaweza kumletea aliyefanyiwa baipasi jasho, kuharisha na moyo kwenda mbio. Diklofenaki, ambayo duka la dawa lolote la Buzuruga litamuuzia kwa maumivu ya mgongo, inaweza kumsababishia kidonda pale tumbo na utumbo vilipounganishwa. Ujauzito usubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visitegemewe.

Asiye na njia ya kupata vidonge na vipimo hivyo mwaka wa tano na wa kumi, akiikataa baipasi, amepima vyema, na asiitwe mwoga. Anayeikubali apewe kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili, inayoeleza utumbo wake umeunganishwa vipi. Baada ya baipasi utumbo unaweza kujisokota ndani hata miaka mingi baadaye. Akipelekwa usiku kwenye zahanati ya Ukerewe na maumivu makali ya tumbo, mganga aisome kadi ile, asimpe dawa ya vidonda vya tumbo na kumrudisha nyumbani, bali aanze mara moja kumtafutia njia ya kuvuka ziwa kwenda hospitali ya Bugando.