Bryceson na Swali la Uzawa

KUTOKA ILEMBO
Na Laurent Msabaha

Uchaguzi ukikaribia hapa Ilembo, Mpanda, vijiweni hawaulizi kwanza mgombea atafanya nini. Wanauliza: huyu wa wapi? Baba yake kazikwa wapi? Na Mpanda yenyewe ni mji wa waliokuja. Reli ya kutoka Kaliua na mgodi wa madini ya risasi ndivyo vilivyoukusanya. Leo wajukuu wa wachimbaji na makuli wa reli wanapimana uzawa!

Nawakumbusha Derek Bryceson. Mwingereza, mzaliwa wa China, mwaka 1922. Alikuwa rubani katika Vita Kuu ya Pili, ndege yake ikatunguliwa, miguu isipone sawasawa; tangu hapo alitembea na mkongojo. Akaja Tanganyika kulima, akajikuta kwenye siasa, upande wa TANU, na hatimaye waziri.

Wapo wanaosifu ushindi wake wa uchaguzi wa 1958. Mimi siuhesabu sana. Ule ulikuwa uchaguzi wa kura tatu: mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sharti hilo nusura liipasue TANU katika mkutano wa Tabora, Januari 1958. Nyerere akawashawishi wajumbe washiriki, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake. Mzungu ilikuwa lazima apite. TANU iliamua tu apite yupi.

Hesabu yangu naianzia 1965. Kura za rangi zimekwisha, chama ni kimoja, na karibu kila jimbo lina wagombea wawili, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Bryceson, waziri tayari, akasimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika. Mpiga kura hakulazimishwa na mtu kumchagua Mzungu. Akashinda, tena kwa mbali. Uchaguzi huohuo ukamwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha na kigogo wa ushirika wa pamba, kulekule kwao Usukumani. Uzawa haukumwokoa.

Mwaka 1972 Bryceson aliacha uwaziri, akapewa kusimamia Hifadhi za Taifa, na ni katika kipindi chake, mwaka 1974, Katavi ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo kila anayepanda basi la Sumbawanga na kuipita Sitalike anakatiza hifadhi hiyo, kazi ya mtu ambaye huku kwetu hatajwi kabisa.

Sisemi alikuwa malaika. Mkulima anayelima jirani na hifadhi, anayekesha kulinda mpunga usiliwe na viboko, ana haki ya kuuliza mipaka ile ilichorwa kwa kumsikiliza nani. Hilo ni swali la kazi, na Bryceson angepaswa kulijibu sawasawa na waziri yeyote aliyezaliwa Kibaoni au Karema. Wanaokuja kutuomba kura nao waulizwe hilohilo, na wakitaka kuanza na ukoo wao, wakatizwe.