Acha kutupa pesa kwenye rangi ya shaba

Ndugu mkulima unayechonga videle na vimtumbwi wakati wa kiangazi, leo tubishane.

Hapa Katubuka wengi wanasema bila kikopo cha rangi ya kung'aa huwezi kupata sura ya shaba. Si kweli. Litazame dele la kahawa pale kijiweni. Sehemu kubwa ni hudhurungi na weusi, halafu mstari mwembamba wa mwanga. Giza na mwanga vikikaa jirani, jicho linaona shaba. Rangi ya kung'aa kwenye kidele cha inchi tatu hukifanya kionekane kama karatasi ya pipi.

Tumia rangi za kawaida za mafuta:

1. Paka chote hudhurungi yenye wekundu. Acha ikauke.
2. Amua mwanga unatoka upande gani. Upande wa pili, kolezea nyeusi kidogo.
3. Upande wa mwanga, paka rangi ya chungwa. Kwenye kingo, ongeza njano na nyeupe, mstari mwembamba tu.
4. Kwenye mifereji, pitisha kijani-bluu iliyozimuliwa na tina. Hiyo ndiyo kutu ya shaba.

La mwisho, na hapa sitanii: andika "mti" chini ya kitako. Mgeni anayekuja Ujiji kuona walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, ukimdanganya wewe, hatanunua hata kwa jirani yako. Tuuze ufundi, tusiuze uongo.