Entebbe Mpaka Nairobi: Saa Ngapi?

Wenzangu wa chama cha mijadala wanataka safari yetu ya Nairobi iwe kwa ndege. Wasema ndege huchukua saa moja, na basi saa kumi na mbili au zaidi. Ya nini kupoteza kutwa nzima barabarani? Maneno haya yapendeza masikioni, lakini naona hesabu yake haikufanywa sawasawa, na watakaolipa ni wazazi wetu.

Umbali wenyewe hauna ubishi. Chukueni atlasi. Kiwanja cha Entebbe kiko dakika 2 tu kaskazini ya Ikweta, longitudo digrii 32 na dakika 27. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko digrii 1 na dakika 19 kusini, longitudo digrii 36 na dakika 56. Huku kwetu digrii moja, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni kilomita 111 hivi. Basi tunakwenda kilomita 498 mashariki na 150 kusini, na kwa kanuni ya Pythagoras njia ya mkato ni kilomita 520. (Mwanafunzi wa Ulaya hawezi kuhesabu kwa wepesi namna hii, maana kwao longitudo zimekaribiana.)

Ndege ya jeti ikishika mwendo wa kilomita 800 kwa saa, umbali huo ni dakika 39. Mbona ratiba huandika saa moja na robo hivi? Kwa sababu ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka mahali iliposimama mpaka inaposimama tena. Ndani yake mna kutambaa uwanjani, kupanda polepole, na kushuka kwa zamu.

Lakini sisi hatukai uwanjani. Toka Kampala mpaka Entebbe ni kilomita 40, tuseme saa moja. Kungoja, saa mbili. Angani, saa moja na robo. Pasipoti na mizigo, dakika 45. Kuingia mjini Nairobi, saa moja. Jumla saa sita, kama mvua haikunyesha. Tarehe 6 Februari 1952 Malkia Elizabeth II mwenyewe, akitoka Kenya, alizuiwa Entebbe kwa saa kadhaa na mvua ya radi asiweze kuruka kwenda London.

Kwa barabara ni kilomita 650 hivi. Kwa hiyo tofauti ni saa sita au saba, si kumi na moja. Na nauli ya ndege, pamoja na kodi zake, ni mara kadhaa ya nauli ya basi. Tukienda kwa ndege watakwenda wenye uwezo, na wasemaji wetu wawili hodari kuliko wote watabaki hapa wakiosha madirisha. Hiyo itakuwa timu ya nani?

Wanaoogopa basi la usiku wana haki, hata mimi siliungi mkono. Tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, tuvuke Nile pale Jinja kukiwa na mwanga, tufike Nairobi baada ya magharibi. Siku mbili za masomo zitapotea, moja ya kwenda na moja ya kurudi, nami naikubali hasara hiyo.

Ndugu zetu mliomaliza hapa na sasa mnakaa Nairobi, mkiweza kutupatia mahali pa kulala usiku ule wa kufika, tafadhali mwandikieni mwalimu mlezi wa chama kabla ya muhula kwisha. Tu watu kumi.