Kiambaza Kisishikwe kwa Lipu

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mto Sebeya ulifurika na kuingia majumbani mwa wakazi wa Mahoko, Wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda. Katika maafa ya mvua ile watu zaidi ya 130 walifariki dunia nchini humo. Miaka miwili kabla yake, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei, 2021, ardhi ya Rubavu na Goma ilitikisika kwa siku kadhaa, na nyumba nyingi zikapasuka kuta.

Hatuwezi kuuamrisha mto wala volkano. Fundi tunaweza kumwamrisha.

Twasema hivyo kwa sababu liko kosa ambalo ni rahisi kulificha. Mwenye duka ataka chumba kimoja kiwe viwili. Fundi hupanga matofali juu ya sakafu laini ya zege, hukigusisha kiambaza kipya na ukuta wa zamani, kisha huziba kiungo kwa lipu na rangi. Kwa macho, kazi ni safi. Kwa hakika, kiambaza hicho hakikushikwa na kitu. Ardhi ikitikisika, au maji yakikisukuma upande mmoja, huwaangukia waliolala upande wa pili.

Dawa yake si ngumu. Sakafu ikwaruzwe, isafishwe na kuloweshwa kabla ya tofali la kwanza. Lipu ya zamani ibanduliwe penye kiungo, matundu yatobolewe kwa keekee, vumbi litolewe, na vipande vya nondo vikazwe humo kwa saruji kila baada ya mistari michache ya matofali, ncha zake zilale ndani ya kiambaza kipya. Juu nako kifungwe kwenye boriti. Kiambaza cha mbao, ubao wake wa chini ushikwe na sakafu kwa bolti za zege. Ukuta wa zamani ukiwa wa udongo usiochomwa, nondo hazitashika vema. Hapo afadhali kiambaza chepesi cha mbao. Na kabla ya kutoboa, fundi aulize mabomba na nyaya za umeme zimepita wapi.

Tunawasihi wenye nyumba wasiruhusu lipu ipakwe kabla hawajaviona vyuma hivyo kwa macho yao, maana baadaye hakuna awezaye kuvikagua. Wahenga walituonya tuzibe ufa. Nasi twaongeza kwamba ufa uliozibwa kwa rangi haujazibwa.