Mchungaji Mzee na Debe Lililobonyezwa

Tumesikia watu wakinung'unika ya kwamba mchungaji wetu mzee, tangu alipostaafu, ameacha mambo ya roho, naye hunena habari za deni, maziwa yaliyotiwa maji, na debe lililobonyezwa kitako. Sisi twapinga. Je, Mtume Paulo hakushona hema huko Korintho, pamoja na Akila na Priskila? Na mwuza mahindi aimbaye Jumapili kwa sauti kuu, kisha Jumatatu akapimia watu debe hilo, imani yake i wapi? (Nasi walimu tusijitenge, chaki za shule zimeonekana majumbani mwetu.) Mzee hana tena mshahara wa kumfumba kinywa. Tumewatazama hao wanung'unikao: wengi wao ni wauza mahindi.