Kinyweleo, Tundu au Upenyo?

Neno likishazoeleka huwa vigumu kulitangua, hata likiwa limekosewa. Hatari hiyo inawakabili wanaotafuta istilahi za Kiswahili za elektrodi za supakapasita, yaani vihifadhi umeme vinavyojazwa kwa muda wa sekunde chache na kutumika tena mara maelfu kwa maelfu.

Mwaka 1971, Trasatti na Buzzanca walionyesha kuwa utando wa oksidi ya rutheniamu hutenda kama kapasita. Mwaka 1995, Zheng, Cygan na Jow walipata faradi 720 kwa gramu katika oksidi hiyo ikiwa na maji ndani yake. Lakini rutheniamu ni adimu na ghali mno, ndipo macho yakageukia manganizi, ambayo ni rahisi kupatikana. Oksidi ya manganizi nayo haipitishi umeme vyema, na katika tabaka nene ni ngozi ya juu tu inayoweka chaji. Kiini kilichobaki ni mzigo mtupu. Hapo ndipo haja ya kuitoboa inapozuka.

Njia mojawapo ni ya kiolezo. Silika yenye vijia vyembamba hulowekwa katika myeyusho wa chumvi ya metali, hukaushwa, kisha huchomwa hadi chumvi igeuke oksidi. Baadaye silika huyeyushwa kwa sodiamu hidroksidi. Kinachosalia ni oksidi iliyojaa nafasi pale palipokuwa na silika.

Je, nafasi hizo ziitweje? Wapo wanaopendekeza "vinyweleo". Pendekezo hili halina mashiko. Kinyweleo ni cha ngozi, na kazi yake ni kutoa jasho, ilhali hapa ioni za elektroliti huingia na kutoka kwa zamu. "Tundu" lina kasoro kubwa zaidi. Tundu laweza kuwa limezibwa pande zote, na elektrodi yenye matundu ya namna hiyo isingefaa kitu, kwa kuwa ioni haziwezi kuyafikia. Oksidi inayotafutwa inafanana na dodoki, ambalo maji hupita kutoka upande huu hadi ule.

"Upenyo", kutokana na kitenzi "penya", unabeba maana hiyo ndani yake. Atakayepinga atasema kuwa wanakemia huhesabu pia nafasi zilizozibwa. Ni kweli, basi "tundu" libaki jina la jumla, na "upenyo" uwe ule ulio wazi.

Hata viambishi vya kigeni havistahili kupokewa kwa macho yaliyofumbwa. Wanakemia huita "mikro" nafasi yenye upana usiofikia nanomita 2, "meso" ile ya kati ya 2 na 50, na "makro" ipitayo 50. Atakayetafsiri "mikro" kwa kukisia atamfanya msomaji afikirie mikromita, kipimo kilicho kikubwa mara 500 kuliko hizo nanomita 2. Kamusi peke yake haitamwonya mtafsiri huyo. Angeweza kuonywa na mtu aliyeiona silika ikiyeyuka katika bilauri ya maabara, na mtu huyo ni nadra kualikwa katika vikao vya istilahi.