Mlango Mmoja, Majiko Matatu

Jumatano ya tarehe 6 Mei 2020, kumi la pili la Ramadhani likiwa ndiyo kwanza limeingia, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa. Asiyekuwamo hakuingia, na aliyekuwamo hakutoka. Amri ilitoka Nairobi, na siku hiyo hiyo ikaufunga mtaa wa Eastleigh vilevile. Kwa kuanzia zilitajwa siku 15. Zikaongezwa, na ilipofika Juni ndipo njia zikafunguliwa. Idi ikatukuta ndani.

Tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya barua. Dada mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi na mwajiriwa wa serikali ya kaunti, ametuandikia akiuliza: maradhi kama yale yakirudi, ni nani atakayemwangalia mfanyakazi anayetumwa mitaani, na ni nani atakayehakikisha kwamba msaada unafika kwenye nyumba inayostahiki? Wala hasemi ya kale tu. Tarehe 31 Julai 2024 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini, aliyegunduliwa mpakani huko Taita Taveta, na tangu hapo ugonjwa huo umefika kwetu Mombasa pia. Dada yetu ameyaona maswali yake kuwa ni mawili. Sisi, baada ya kuyatafakari, tunaona ni moja. Mfanyakazi asiyelindwa hafiki mlangoni kwa mkaazi, na mkaazi asiyemwona mtu mlangoni pake huamini kwamba serikali haipo, hata kama maghala yamejaa.

Kwanza tuelezane kazi ni ya nani, kwa kuwa siku zile tulimlaumu asiyehusika na kumsifu asiyehusika. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020, na kusimamishwa kwa safari za kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi kuanzia tarehe 8 Aprili, ni mambo yaliyoamuliwa na serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti hospitali na zahanati zake, magari ya wagonjwa, masoko, uzoaji wa taka, makaburi na huduma za maji. Basi amri hutoka mbali, na mzigo wa amri hubaki hapa hapa. Anayefungiwa ndani kwa tangazo la Nairobi hushikwa na kiu mbele ya mfereji wa Mombasa.

Na mfereji wetu tunaujua. Maji ya mji huu hutoka nje ya kaunti, Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na hata siku za amani ziko nyumba zisizoyaona ila kwa mkokoteni na mitungi ya lita 20. Tulipoambiwa tunawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, mama mwenye mtungi mmoja alilazimika kuchagua baina ya kunawa na kupika. Kwa hivyo tunaposema kaunti imsaidie mkaazi wakati wa maradhi, tusifikirie dawa na vitanda peke yake. Gari la maji lililofika mtaani kwa wakati lilikuwa tiba.

Lililofanywa vyema nalo lisemwe. Serikali ya Kaunti ya Mombasa, chini ya Gavana Hassan Joho, ilikigeuza Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kuwa kituo cha kuwatenga wagonjwa chenye vitanda 300. Ilianzisha pia mpango wa chakula kwa kaya zisizojiweza, na chakula kikawafuata watu mitaani badala ya watu kuitwa uwanjani. Wako watakaoliona hili kuwa dogo. Si dogo. Tarehe 10 Aprili mwaka ule, huko Kibera, Nairobi, watu walikanyagana wakigombea chakula cha msaada, vitoa machozi vikarushwa, na wengi wakaumia. Katika msukumano wa namna ile hushinda mwenye misuli. Chakula kinapofuata mlango, mja mzito, mkongwe na aliye katika eda hupata sawa na kijana.

Lakini mlango nao una fitina yake, na hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa kuwa ndiyo sehemu inayotukera mpaka leo.

Nyumba ya Mji wa Kale huweza kuwa na mlango mmoja tu wa kuchonga upande wa barabara, na ndani yake mkaishi watu wasiokula sahani moja: chini mwenye nyumba, katikati mtoto wake na mkewe, juu mpangaji. Siku zile zilipita orodha nyingi mitaani, za serikali, za misikiti, za wahisani, za wanasiasa. Moja iliyopita kwetu, ya nani hatutasema, iliandikwa kwa milango. Mlango mmoja, mfuko mmoja. Nyumba tunayoizungumzia ilikuwa na majiko matatu. Mfuko uliingia chini, kwa watu ambao hawakuuomba. Mjane wa ghorofa ya juu, fundi wa kushona mabuibui ambaye harusi zilipokatazwa kazi yake ilikufa, hakuambiwa kitu, naye hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kujivua sitara mbele ya nyumba nzima. Siku ya tatu ndipo bibi wa chini alipong'amua kwamba juu hakupikwi, kwa kuwa magharibi inaadhiniwa na harufu ya kitunguu haishuki ngazi. Akaufungua mfuko, akaugawa mafungu matatu: unga, mchele, maharagwe, mafuta, kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kisu. Haukufika Ijumaa.

Hatumlaumu aliyeandika. Alipewa kalamu, mtaa mzima, na siku moja. Kosa lilitangulia: hakuna aliyekuwa na orodha kabla ya siku ile, na orodha inayoandikwa njaa ikiwa imeshaingia huandika wanaojitokeza na kuwaacha wanaojificha. Katika mitaa yetu wanaojificha mara nyingi ni wanawake. Kisa cha Sayyidna Umar na gunia la unga alilolibeba mgongoni kila khatibu amekisimulia, nasi hatutakirudia. Ila husahaulika kwamba kabla ya kubeba alizunguka usiku akisikiliza ni wapi watoto wanalia.

Baada ya njaa kulikuwa na hofu. Wakaazi wengi wa Mji wa Kale walikataa kupimwa, wakaonekana kuwa watu wasioelewa. Walielewa sana. Wiki za mwanzo, aliyepelekwa karantini alitakiwa kujilipia; ilipofika Mei ndipo serikali ya kitaifa ilipotangaza kwamba itabeba gharama katika vituo vya umma. Mwanamke anayeuza viazi vya karai barazani alizihesabu siku 14 za malazi, akazizidisha kwa idadi ya watu wa nyumbani mwake, akaona bora asijue. Tena yalikuwapo mazishi: jamaa 15 tu kaburini, na maiti mikononi mwa watu waliojifunika gubigubi ambao familia haiwajui. Aliyeambiwa mapema nani atakayelipa, nani atakayemlisha mama yake mgonjwa akiwa hayupo, na nani atakayemwosha akifa, huyo hunyoosha mkono akapimwa. Maneno kama hayo hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji mtu anayeaminiwa mtaani, mwenye lugha ya mtaa, aende kuyasema kabla ya gari la kupima halijafika.

Na mtu huyo ni mfanyakazi. Ndipo tunapomrudia dada yetu.

Aliye na kazi ya mezani aliweza kuibeba nyumbani, akalalamikia watoto na bei ya bando. Mfagiaji hawezi kufagia barabara kutoka sebuleni. Taka za mtaa uliofungwa ziliondolewa na mtu, wagonjwa walibebwa na dereva, makaburi yalichimbwa na mikono. Siku ya kwanza ya kafyu, abiria waliokuwa wakisubiri feri kule Likoni walipigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa moja ya usiku haijatimu. Tunamfikiria muuguzi anayeishi Likoni na kufanya zamu kisiwani. Kabla hajahitaji pongezi wala makofi ya madirishani, alihitaji gari la kumfikisha kwake salama, au chumba karibu na hospitali.

Alihitaji na mshahara. Mwaka ule mgao wa fedha za kaunti zote 47 ulikwama katika Seneti hadi Septemba, na fedha zikikwama juu hukauka chini. Tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, madaktari wakafuata tarehe 21, wakidai vifaa vya kujikinga, bima ya matibabu na marupurupu ya hatari. Tulisikia watu wakisema kwamba si wakati wa kugoma. Tunauliza: ni wakati upi wa kudai glavu, kama si wakati wa maradhi?

Liko jingine lisiloingia katika hati za mgomo. Wauguzi wetu wengi ni wanawake. Alirudi usiku, akavua nguo za kazi nje ya mlango, akaoga kabla ya kumshika mtoto anayemlilia, akalala chumba cha peke yake akiwasikia wanawe upande wa pili wa ukuta. Asubuhi jirani akabadilisha njia ili wasikutane ngazini. Mwajiri anaweza kumpatia mtu wa kuzungumza naye, siku za kupumzika zisizokatwa kwenye likizo, na mtu wa kumwangalia mtoto wakati madrasa na skuli zimefungwa. Lakini lile la ngazini si la mwajiri. Ni letu.

Tukimjibu dada yetu kwa vitendo, tungeitaka kaunti yoyote iandike sasa hivi, pasipo na maradhi, ni wafanyakazi gani watakaobaki barabarani yakitokea, watasafirishwaje, watalala wapi, na nani atakayelipa wakifa. Na tungeitaka iwe na daftari la nyumba, lililoandikwa polepole, na mtu anayejua kupanda ngazi.

Mtu huyo, kusema kweli, yupo. Kwa miaka mingi alijulikana kama mhudumu wa afya wa kujitolea, na kujitolea huko kulimaanisha kutolipwa. Wakati wa korona alitembea nyumba kwa nyumba na barakoa aliyoishona mwenyewe kwa kipande cha leso, na wengine wetu, tukiri, tulimjibu kupitia dirishani. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia, na ikatangazwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Hizo si fedha nyingi kwa anayepanda ngazi siku nzima. Ila sasa ana jina, ana mkoba, na anapobisha hodi hujulikana amekuja kwa nini.

Mwezi uliopita mmoja wao alifika kwenye nyumba ile ile ya majiko matatu. Bibi wa chini alimkaribisha, akamwambia wao ni watu wanne. Mgeni akashukuru, akatoa simu yake, akatazama juu kwenye ngazi.

"Bibi, hapa mnapika majiko mangapi?"

"Matatu, mwanangu."

Akavua viatu, akapanda. Alikaa juu karibu saa nzima.